Wasichana Wamewapita Wavulana? Tufungue Rejista Kwanza

Wasomaji wangu, tangu watoto wa Gredi ya 9 wapate matokeo ya mwaka 2025, mkoba wa barua umejaa habari moja: nani aende shule mwezi Januari na nani abaki. Nimechagua barua nne. Zilizobaki nitazijibu muhula ukianza.

Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina pacha, Kurwa msichana na Doto mvulana, wote wamemaliza Gredi ya 9. Mimi nauza mboga na githeri hapa stejini, baba yao alituacha zamani. Kurwa hunisaidia kibandani mpaka saa tatu usiku. Doto amemshinda dadake kwa alama kidogo na ameitwa shule ya bweni. Pesa nilizoweka zinatosha mtoto mmoja. Shemeji yangu amenisomea kwenye simu kwamba siku hizi wasichana ni wengi kuliko wavulana katika mtihani wa kidato cha nne, kwa hivyo anayehitaji kuokolewa ni mvulana. Anasema Kurwa akae mwaka mmoja tukijipanga. Je, ni kweli? Nifanyeje?
*Mama Pacha, Kayole*

Mama Pacha, shemeji yako hakukudanganya. Watahiniwa wa KCSE, huo mtihani wa kidato cha nne, mwaka 2024 walikuwa 962,512. Wasichana walikuwa 482,202 na wavulana 480,310. Ukitoa, wasichana walizidi kwa 1,892. Nilipozisikia nambari hizo nilizima redio nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu mwaka 1971, nilipoingia kidato cha kwanza, kichochoro chetu chote cha Majengo, Pumwani, kilikuwa na wasichana wawili tu waliovaa sare ya sekondari, mimi nikiwa mmoja wao. Dada zangu wanne waliishia darasa la saba. Baba hakuwachukia. Karo ilitosha mtoto mmoja, na mimi nilikuwa kitinda mimba. Mikono ya kufua, kupika na kulea ilikwisha kupatikana kabla yangu. Ndivyo nilivyopona. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu hiyo.

Lakini hesabu ile ni ya nchi nzima, kutoka Lunga Lunga mpaka Lokichoggio. Wale 1,892 hawatamlipia Kurwa nauli. Hata ndani ya nchi yenyewe haikugawanyika sawa: ukienda Mandera, Wajir, Garissa au Turkana, wasichana bado wako nyuma, na kuna kaunti nyingine ambako wavulana ndio wanaopungua. Ukichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye beseni unapata vuguvugu, lakini aliyeshika birika ameungua.

Sasa turudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umeniambia Kurwa yuko kibandani mpaka saa tatu usiku. Hukuniambia Doto yuko wapi saa hizo. Nadhani ana kitabu mkononi, na ni vizuri, hapo ndipo mtoto anapostahili kuwa. Lakini basi usiseme Kurwa ameshindwa na nduguye. Zile alama chache zilizowatenganisha mimi naziona kwenye sufuria ya githeri, na kwenye mitungi ya maji aliyoipandisha ghorofani kabla ya kufungua daftari. Pacha hawa walizaliwa siku moja wakasoma darasa moja. Hawakupewa jioni moja.

Na hilo la kukaa mwaka mmoja, tafadhali dada yangu, usilikubali. Nimefundisha hesabu miaka 38 katika shule za Eastlands. Kila Januari nilikuwa na mzazi aliyeniambia msichana wake anapumzika kidogo wakijipanga. Waliorudi wakakaa kwenye dawati ninaweza kuwataja wote bila kuvuta pumzi. Msichana akikaa nyumbani mwaka mmoja, nyumba inamzoea. Mdogo wake anamzoea, mteja wa kibandani anamzoea, na mwanamume wa jirani naye anamzoea. Mwaka wa pili hakuna anayeuliza tena.

Piga hesabu hivi. Ada iliyowekwa kwa shule ya bweni ya kitaifa katika miji mikubwa kama Nairobi ni shilingi 53,554 kwa mwaka, bila godoro, sanduku la bati, sare na nauli. Katika shule ya kutwa ya serikali hulipi ada ya masomo. Unalipa chakula cha mchana, sare na vitu vidogo vidogo. Pesa ulizomwekea mmoja alale bwenini zinaweza kuwaanzisha wawili wakilala kwako. Kwa hiyo wiki hii nenda kwa mkuu wa shule walikosomea Gredi ya 9, umwambie unataka watoto wako wote wawili waombewe nafasi za kutwa karibu na nyumbani. Doto atanuna. Acha anune. Atakuwa ananuna akiwa darasani, na dadake pia darasani.

Ukifika shule mpya, omba orodha ya malipo iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Nakwambia hivyo kwa sababu mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, lakini mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachotolewa hasa ni kama shilingi 16,900. Pengo hilo halielei hewani. Hushuka kwa mzazi kwa majina mengi: pesa za motisha, pesa za masomo ya ziada, pesa za ukarabati. Usilipe lisiloandikwa. Fomu za basari, ile ya NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, na ile ya kaunti, chukua mbili mbili, moja ya kila mtoto, ukazipeleke kwa chifu mapema kabla foleni haijawa ndefu.

Na shemeji, ikiwa ana uchungu na Doto, na mimi naamini anao, mwombe alipe chakula cha mchana cha mtoto mmoja kwa muhula wa kwanza. Kisha kuanzia Januari, kibandani iwe zamu: Kurwa siku tatu, Doto siku tatu.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nimepewa kazi ya kuandika juu ya usawa wa wasichana na wavulana katika kuandikishwa shule za upili kwenye nchi za kipato cha kati. Ninakutana na nambari kama 0.94 na 1.05, halafu asilimia zinazopita 100. Watoto mia moja wanawezaje kutoa wanafunzi mia moja na nne? Na nchi kama yetu hufikaje kwenye usawa?
*Mwanafunzi, Ngara*

Mwanangu, umenirudisha kwenye ubao na nimefurahi.

Ile asilimia inayopita 100 ni rahisi. Juu ya mstari wanawekwa wanafunzi wote walio sekondari, wa umri wowote. Chini ya mstari wanawekwa watoto wenye umri rasmi wa sekondari peke yao. Chukua mtaa wenye watoto 100 wa umri huo. Walio darasani ni 88. Lakini madawati hayo hayo yana wengine 16 waliorudia darasa au waliochelewa kuanza, mmoja ana miaka 20 na ndevu. Jumla 104. Kwa hivyo ukiona nchi ina 104, usidhani kila mtoto yuko shuleni. Hapo kwenye mfano wetu 12 wako nje na hesabu imewafunika.

Kielelezo cha usawa wa kijinsia nacho hupatikana kwa kugawa kiwango cha wasichana kwa kiwango cha wavulana. UNESCO huhesabu kuwa kuna usawa nambari ikiwa kati ya 0.97 na 1.03. Chini ya hapo wasichana wamepungua, juu ya hapo wamepungua wavulana.

Sasa chukua chaki. Mtaa una wasichana 200 na wavulana 200. Wasichana walio shuleni ni 150, wavulana 160. Hiyo ni asilimia 75 kwa 80, na kielelezo ni 0.94. Hakuna usawa. Mwaka unaofuata wavulana 10 wanaacha shule na kwenda mjengoni kubeba mawe. Wavulana wamebaki 150. Kielelezo kimepanda mpaka 1.00, usawa kamili, na hakuna msichana hata mmoja aliyeongezeka. Nambari imekuwa nzuri kwa sababu watoto kumi wamepotea. Andika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yako. Asilimia 40 kwa 40 ni moja, na 95 kwa 95 ni moja.

Nina daftari langu la bluu nililokuwa nikinakili majina ya kila darasa nililolisimamia. Darasa nililolipokea mwaka 1996 lilianza na wasichana 24 na wavulana 24. Tulipoketi kwa KCSE mwaka 1999 walikuwa 16 kwa 16. Kwa kielelezo, darasa langu halikuwahi kuwa na kasoro. Watoto 16 walikwisha kwenda, na ninajua njia aliyopita karibu kila mmoja wao, kwa sababu wazazi wao nilikuwa nikikutana nao Gikomba siku za Jumamosi.

Unauliza nchi hufikaje. Tarehe 1 Julai 2015 Benki ya Dunia ilitangaza nchi nne zilizotoka kwenye kundi la kipato cha chini na kuingia kipato cha kati cha chini: Kenya, Bangladesh, Myanmar na Tajikistan. Ningekuwa wewe ningewaweka Kenya na Bangladesh bega kwa bega. Bangladesh ilianza mapema, ikiwa bado maskini sana. Mwaka 1994 ilieneza nchi nzima mpango wa kuwalipa wasichana wa sekondari waliokuwa vijijini: karo inalipwa, na msichana anapata posho yake mwenyewe, kwa masharti matatu. Ahudhurie asilimia 75 ya masomo, apate angalau asilimia 45 kwenye mitihani, na asiolewe kabla ya kumaliza. Leo huko wasichana wa sekondari ni wengi kuliko wavulana. Na bado Bangladesh ni miongoni mwa nchi zenye ndoa nyingi za utotoni. Kuandikishwa ni mlango. Ukishaingia kuna safari nyingine.

Sisi tulipitia kwenye karo. Shule za msingi zilifanywa bure mwaka 2003, masomo ya sekondari za kutwa 2008, na kuanzia 2018 ikatolewa amri kwamba kila aliyemaliza msingi aende sekondari. Machifu na wazee wa mtaa wakapita nyumba kwa nyumba. Ushuru wa sodo uliondolewa 2004, na sheria ya 2017 ikaitaka serikali iwape wasichana sodo bure shuleni. Hili la sodo wanaume wanaoandika ripoti hulipitia haraka. Wewe usilipitie haraka. Mimi nilikuwa na msichana hodari wa aljebra ambaye kila mwezi alikosa siku nne, na milinganyo haimngojei mtu.

Usisahau umbali. Katika jimbo la Bihar, India, mwaka 2006 serikali ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa pesa za kununua baiskeli. Watafiti walilinganisha na jimbo jirani la Jharkhand wakaona pengo la wasichana na wavulana lilipungua kwa asilimia 40, na faida kubwa ilikuwa kwenye vijiji vilivyo mbali na shule kwa kilomita tatu au zaidi. Baiskeli tu. Hapa Nairobi, nenda ukasimame Mukuru saa kumi na moja na nusu alfajiri uone wasichana wa sekondari wakitembea vikundi vikundi kwenye giza, kwa sababu shule ya serikali iko upande mwingine wa barabara kuu. Waulize wanaogopa nini. Watakujibu, na hutasikia hata mmoja akitaja hesabu.

Neno la mwisho kwako: kipato cha nchi hakiamui peke yake. Pakistan ni ya kipato cha kati na wasichana wake wamebaki nyuma. Ufilipino na Brazil ni za kipato cha kati na waliobaki nyuma ni wavulana.

Mwalimu, mimi ni kocha wa vijana. Kila mwaka napoteza wavulana. Wakifika miaka 16 mmoja anakuwa utingo, mwingine anaendesha boda ya mtu, mwingine anaokota chuma chakavu. Kila mkutano ninaoalikwa ni wa mtoto wa kike. Je, hatukumnyanyua msichana kwa kumwangusha mvulana?
*Kocha, Kariobangi*

Kocha, hapana. Hakuna msichana aliyeketi kwenye dawati la mvulana wako. Dawati la kijana wako liko wazi, nenda ukaliangalie, lina vumbi.

Lakini uchungu wako ni wa kweli na nitakujibu kwa kosa langu mimi. Msichana alipokosa shule siku tatu, nilikuwa nikivaa viatu na kwenda kwao. Nilijua hatari inayomwinda. Mvulana alipokosa, nilisema atarudi, wavulana ndivyo walivyo. Mmoja wao, kijana mpole aliyekuwa akichora ramani vizuri kuliko mwalimu wa jiografia, nilimkuta baada ya mwaka mzima kwenye mjengo Umoja, amebeba ndoo ya zege begani. Aliniambia, "Mwalimu, nilingoja mtu aje kuniuliza." Yapata miaka ishirini na mitano sasa. Maneno hayo sijapata mahali pa kuyaweka.

Lesotho wamelijua jambo hili muda mrefu. Huko wavulana hupelekwa malishoni kuchunga ng'ombe na kondoo za familia milimani, na shule zikabaki na wasichana wengi. Ng'ombe wa Kariobangi ni pikipiki. Kazi inayolipa jioni ya leo humvuta mvulana, kwa sababu jamii inampa kazi hiyo na kumsifu kwa kuleta unga nyumbani. Kazi ya msichana iko ndani ya nyumba na hailipwi, kwa hivyo humchelewesha, humchosha, na wakati mwingine humwozesha. Njia ni mbili, na kila moja inataka mtu wake wa kuisimamia.

Wewe una kitu ambacho walimu hawana: wanakuja kwako kwa hiari. Weka daftari. Andika mchezaji, shule yake na darasa lake. Kila Ijumaa apite na daftari lake la shule akuonyeshe tarehe za wiki hiyo. Asiyeonekana siku tatu, nenda kwao siku ya tatu hiyo hiyo, usingoje ya nne. Na anayefanya kazi kwa sababu kwao hakuna chakula, usimfukuze uwanjani. Mtafutie shule itakayomruhusu alipe karo kidogo kidogo, na useme na mwenye pikipiki ampe kazi Jumamosi na likizo peke yake. Wenye pikipiki nao ni wazazi. Nimewahi kuongea nao na wengine walinisikia.

Mwalimu, mjukuu wangu ana miaka 16. Alikuwa kidato cha pili, akajifungua mwezi Juni. Nimemlelea mtoto. Nilipoenda shuleni kuuliza kama atarudi, niliambiwa nimtafutie cherehani. Nafasi yake imekwisha?
*Nyanya, Kibra*

Nyanya mwenzangu, haijakwisha, lakini hatuna muda, kwa hivyo nitasema kwa ufupi.

Nchi hii imekuwa na sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 umelieleza wazi: anarudi, katika shule yake au nyingine. Shule haina ruhusa ya kumpeleka kwenye cherehani. Cherehani ni kazi njema kwa aliyeichagua.

Haraka yangu ni hii. Darasa la mjukuu wako ndilo la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Januari wenzake wanaingia kidato cha tatu, na mwaka 2027 wanafanya KCSE. Nyuma yao hakuna kidato cha pili tena. Wanaowafuata ni Gredi ya 10 ya mtaala mpya. Akikosa Januari hii hatakuwa na darasa la kurudia. Miezi aliyokosa ataifidia kwa madaftari ya wenzake likizo hii. Atafute rafiki mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Jingine, na najua ni zito nyumbani kwako. Mtoto wa miaka 16 hawezi kuridhia. Aliyempa mimba, ikiwa ni mtu mzima, amefanya kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na mbuzi au pesa za mapatano haziliondoi. Namba ya simu ya watoto ni 116, haikatwi pesa, na wanapokea usiku na mchana. Piga hata kama hujui useme nini.

Ofisi za serikali zikifunguliwa baada ya sikukuu, nenda kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Beba cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako, ripoti yake ya mwisho ya muhula, na nambari yake ya usajili wa shule kama unayo. Mtoto mchanga mwachie jirani unayemwamini, na mjukuu wako aende nawe, amevaa sare. Ukiulizwa unataka nini, sema unataka barua ya kumrudisha kidato cha tatu. Wakikuambia uje kesho, kaa kwenye benchi uulize saa ngapi. Shule zikifunguliwa niandikie tena, uniambie jina lake limesomwa asubuhi gani.